Kidole cha Dalali

Mara tatu tulikwenda Kimende kuitazama nyumba,
mara tatu ukungu ukatutangulia.
Dalali Gathirimu, koti limemlowa mabegani,
alinyoosha kidole kwenye ule weupe mtupu:
"Pale ni Longonot. Hapo chini, bonde lote.
Siku ikitakata mtahesabu punda wa Mai Mahiu."
Musembi akatikisa kichwa kama anayehesabu.
Mimi niliona kidole.
Kucha ilikuwa na tope.

Lakini nilikiamini.
Nawe ungekaa Pipeline miaka kumi na mmoja,
ghorofa ya tano, dirisha limekodolea dirisha,
ukajua kwa harufu kwamba kwa Mama Apondi leo ni omena,
ukajua matokeo ya mtihani wa mwanawe
kwa jinsi sufuria zinavyogongwa,
jua likikufikia saa saba hadi saa saba na robo
limekunjwa kama risiti,
ungekiamini hata kidole cha mwizi.

Tulikopa kwa chama, tukakopa kwa Sacco,
tukauza friji na pikipiki ya marehemu kakake.
Kwenye karatasi ya bei dalali aliandika kwa mkono:
nyumba ya mbao, vyumba vitatu. Tangi. Robo ekari.
Na chini kabisa: mandhari, laki mbili na nusu.
Nikauliza, mandhari nayo hutolewa stakabadhi?
Akacheka. Hakupunguza.

Leo tuko kwa wakili, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya maduka ya vipuri.
Mwenye nyumba ametutangulia:
Nyaguthii, mjane, sweta mbili,
na kikapu cha viazi ambavyo hakuna aliyeviomba.
Wakili anasoma vifungu. Huko chini mtu anajaribu honi,
honi ileile, mara ya ishirini.
Nikamuuliza lililonikaa kooni:
"Mama, mbona dirisha la sebuleni linatazama zizi?
Mlima uko nyuma ya ukuta."
Akaniangalia kwa huruma kidogo.
"Mlima hauibiwi," akasema. "Ng'ombe huibiwa."

Mumewe ndiye aliyejenga.
Alitoboa ukuta pale jicho lilipokuwa na kazi.
Upande wa bonde hakuacha hata tundu,
maana upepo wa huko hupanda bila hodi
ukakaa mifupani kama mgeni anayedai deni.
"Ninyi mtaubomoa?"
Tutaweka kioo, alisema Musembi, ukuta mzima.
"Basi nunueni blanketi."

Kisha akanigeukia mimi:
"Na kwenu, dirishani, mnaona nini?"

Nikaanza kwa aibu. Waya. Nguo za watu.
Kijana wa Apondi akijifunza kunyoa ndevu asizo nazo.
Mwanamke mmoja wa ng'ambo, jina lake silijui,
ila kibanio kikiniponyoka hunirushia chake,
na mwezi wa Agosti, nilipotoka hospitali mikono mitupu,
alizima redio yake siku tatu.
Nilikuwa nimekusudia kulalamika.
Sijui sauti iligeuka wapi.
Nyaguthii akasogeza kiti. "Enhe, halafu?"

Tangu mzee afe, alisema, huzijua siku kwa lori la maziwa.
Sasa anahamia kwa bintiye, Kariobangi, ghorofa ya pili.
"Nimeambiwa huko ni kelele usiku kucha,"
akatamka kama mtu aliyeambiwa kuna nyama.

Wino. Gumba lake kwanza, kisha sahihi zetu.
Alilipangusa kwa sweta la ndani, la nje lisichafuke.

Kwenye ngazi akanishika mkono:
"Januari, saa nne asubuhi, hufunguka. Si kila siku.
Na yule dalali wenu hajui kitu.
Longonot haiko alikoonyesha. Iko kushoto zaidi."
Akanyoosha gumba lenye wino
kuelekea duka la matairi ng'ambo ya barabara,
"pale,"
nami, naapa, nikatazama.